Kuwafundisha vijana wa sekondari uhandisi wa matetemeko wakati wa likizo: anza na nyumba, ardhi itafuata

Ukitaka vijana wa kidato cha pili wasinzie kabla ya chai ya saa nne, wabandikie ukutani ramani ya mabamba ya dunia siku ya kwanza. Hiyo wameshaisoma kwenye Jiografia, wakaikariri, wakaijibu kwenye mtihani. Wewe wape nyumba ndogo ya vijiti, iweke juu ya ubao unaotikisika, halafu uwaulize: itaanza kuvunjika wapi? Hapo kila mmoja ana jibu lake na yuko tayari kulitetea. Tangu dakika hiyo umeanza kufundisha uhandisi.

Mimi ni mhandisi wa majengo hapa Mombasa. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi, na utoto wangu umepita mtaa wa Majengo, nikimpelekea chakula cha mchana kwenye mijengo. Likizo ya Agosti hukusanya vijana wa sekondari kwa wiki moja tukajenga, tukabomoa, tukahesabu. Haya nayaandikia walimu, wahandisi wenzangu na yeyote mwenye ukumbi na nia ya kufanya jambo kama hili mtaani kwake.

Swali la kwanza la wazazi nalijua: Mombasa na matetemeko, wapi na wapi? Jibu ni hili. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, mnamo saa mbili na robo, tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilitokea chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Kitovu kilikuwa yapata kilomita 350 kutoka hapa, na bado waliokuwa ghorofani Mombasa walilisikia. Mimi nilikuwa mtaa wa Tudor, taa ya dari ikipepea bila upepo. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia, kule Bonde la Ufa, ilipigwa na tetemeko la 6.9, kubwa kuliko yote yaliyopimwa nchini Kenya. Bukoba ilipigwa na la 5.9 tarehe 10 Septemba 2016, nyumba nyingi za matofali na mawe zikaanguka na watu wakafa. Kenya yenyewe ina mwongozo wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko tangu 1973. Pwani yetu haina hatari kubwa kama Bonde la Ufa, na mzazi aambiwe hivyo waziwazi bila kutiwa hofu. Lakini watoto hawa hawatajenga Mombasa peke yake. Kesho watakuwa Nakuru, Nairobi, Kisumu. Na jengo lililofungwa vizuri likaweza kuhimili mtikisiko huwa limefungwa vizuri hata kwa uzito wake lenyewe. Katika nchi ambayo maghorofa huanguka bila tetemeko lolote, hilo peke yake linatosha kuwa sababu.

Ukumbi na watu

Agosti ni mwezi mzuri kwetu: kusi inavuma, jua halichomi, na ukumbi wa mabati unakalika hata alasiri. Chukua vijana wasiozidi 24, uwagawe wanne wanne. Wakizidi hapo, wengine watabaki kuchungulia kwa nyuma na hawatagusa kitu. Changanya shule, usiwaache wa shule moja wajikusanye kundi moja. Katika kila kundi gawa kazi nne, nazo zizunguke kila siku: anayejenga, anayepima, anayeandika, anayeendesha meza. Hili la kuzungusha lisimamie kwa ukali. Usipolisimamia, wasichana watajikuta na kalamu mkononi wiki nzima na wavulana na drili, na mwisho wa wiki utakuwa umefundisha nusu ya darasa.

Panga ratiba ukiijua jamii yako. Ijumaa tunafunga saa tano na nusu watu wawahi msikitini, na siku nyingine tunasimama adhuhuri. Chai na mahamri iwe saa nne, sio saa tano. Kijana mwenye njaa hakokotoi.

Meza ya kutikisa

Hiki ndicho kifaa pekee utakachokitolea jasho, kwa hiyo nitakieleza kwa urefu. Unahitaji mbao mbili za plaiwudi, ya chini sentimita 60 kwa 60, ya juu 40 kwa 40. Ile ya chini ipigilie fito pembezoni iwe kama sinia. Mwaga humo gololi za ukubwa mmoja, kisha uweke ubao wa juu ukae juu ya gololi. Nasema za ukubwa mmoja kwa sababu ukichanganya kubwa na ndogo ubao utayumba juu na chini, na nyumba itaanguka kwa sababu usiyoitaka. Pigilia fito mbili nyingine zilizosimama sambamba kila upande wa ubao wa juu, ili uende mbele na nyuma tu bila kuzunguka. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vinne, uvifunge kutoka kwenye ubao wa juu hadi kwenye kingo za ule wa chini. Hivyo ndivyo vitakavyourudisha ubao katikati.

Kwa kuanzia mkono unatosha. Baadaye tumia drili yenye kasi ya kurekebishwa. Chonga kisahani cha mbao, ukifunge kwenye mdomo wa drili, halafu tia bolti kwenye kisahani sentimita 1.5 kutoka katikati. Unganisha bolti hiyo na ubao wa juu kwa kijiti kigumu chenye tundu kila upande. Kisahani kikizunguka, ubao unakwenda sentimita 1.5 mbele na 1.5 nyuma. Drili ifungwe imara kwenye benchi, isimamiwe na mtu mzima, na waya wake upite mbali na beseni la maji utakaloliona mbele. Wanaosogea karibu wavae miwani ya kukinga macho.

Uzuri wa kisahani hiki ni kwamba kinahesabika. Zidisha 2 kwa pai kwa idadi ya mizunguko kwa sekunde, upate kipeo cha pili, kisha uzidishe kwa mita 0.015. Mzunguko mmoja kwa sekunde unatoa mchapuko, yaani kiwango ambacho mwendo hubadilika, ambao kileleni hufika karibu mita 0.6 kwa sekunde mraba. Miwili inatoa karibu 2.4, ambayo ni kama robo ya mvutano wa dunia. Mitatu inatoa 5.3, zaidi ya nusu yake. Angalia hapo: kasi imezidi mara tatu, mchapuko umezidi mara tisa. Sasa funga simu juu ya meza kwa utepe, ufungue programu ya Phyphox, ambayo ni ya bure na imetengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Inasoma kipimo cha mchapuko kilichomo ndani ya simu yenyewe. Vijana walinganishe walichokokotoa na kilichopimwa. Kutofautiana kidogo kutakuwepo, gololi zina msuguano na drili haizunguki sawasawa. Waache wabishane kuhusu sababu, usikimbilie kuwajibu.

Siku ya kwanza: matatu na misumeno

Nguvu ya tetemeko haitoki juu wala pembeni ya nyumba. Ardhi ndiyo inayoondoka, nyumba inataka kubaki ilipokuwa. Kila kijana wa Mombasa ameshasimama ndani ya matatu iliyojaa, dereva akaondoka ghafla: miguu imekwenda na gari, kiwiliwili kimebaki nyuma. Wasimamishe wakumbuke walivyojizuia. Walitanua miguu, wakashika chuma, wakakunja magoti kidogo. Ukiwauliza nyumba inashika nini, ndipo unawaingiza kwenye nguzo, mihimili na kuta.

Kisha lete majani matatu ya msumeno wa chuma. Yafunge wima kwenye kipande cha mbao, moja lichomoze sentimita 15, la pili 20, la tatu 25. Kila kileleni funga nati zenye uzito sawa, kama gramu 50. Waambie: hizi ni nyumba tatu, fupi, ya kadiri na ndefu. Tikisa mbao polepole kwa mkono. Ile ndefu itaanza kuyumba hadi karibu ilale, na mbili zilizobaki zitasimama. Ongeza kasi kidogo, ndefu itatulia na ya kati itaanza. Ile fupi haitaki mkono, inataka drili.

Kijana mmoja aliniuliza, “Mwalimu, mbona hii fupi haitezi?” Hilo ndilo swali unalolingojea siku nzima, na likija usilijibu kwa maneno. Nilimpa drili, nikamwambia aitafute kasi yake. Alipoipata, fupi ikacheza na ile ndefu ikabaki imetulia, na darasa zima likaelewa resonansi kabla sijaitaja kwa jina. Kila jengo lina mwendo wake wa kuyumba, na mtikisiko ukienda kwa mwendo huohuo, mayumbo yanajazana.

Wape baada ya hapo kanuni ya haraka ya wahandisi: gawa idadi ya ghorofa kwa kumi, upate takriban sekunde ambazo jengo linachukua kuyumba kwenda na kurudi. Ghorofa mbili, sekunde 0.2. Ghorofa kumi, sekunde moja. Halafu wasimulie Mexico City, tarehe 19 Septemba 1985. Tetemeko la 8.0 lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini. Sehemu ya jiji imejengwa juu ya udongo laini wa ziwa la kale, na udongo ule uliyumba kwa mwendo wa karibu sekunde mbili. Majengo yaliyoumia zaidi yalikuwa ya kadiri, kama ghorofa sita hadi kumi na tano. Nyumba nyingi fupi za mawe zilisalimika, na mnara mrefu wa Torre Latinoamericana ukabaki umesimama. Mwanafunzi makini atakwambia kwamba ghorofa sita ni sekunde 0.6, sio mbili. Mpongeze, kisha mwambie kwamba jengo likipasuka linalegea, na likilegea linayumba polepole zaidi, kwa hiyo linajisogeza lenyewe kuufuata mwendo wa udongo.

Hesabu moja, sio kumi

Usiwajazie ubao. Hesabu moja ya nyumba wanayoijua inatosha. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3 chenye slabu ya zege ya milimita 150. Mita moja ya mraba ya slabu hiyo ina uzito wa kilo 360, kwa kuwa zege lina kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Chumba kizima: kilo 4,320. Sasa ardhi iondoke kwa mchapuko wa sehemu ya kumi tu ya mvutano wa dunia. Slabu hiyo inasukuma nguzo kwa upande kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 432. Ongeza ghorofa nne, vyumba sita kila ghorofa. Waulize ni nani amezifikiria kilo hizo za upande alipokuwa akipanga nguzo. Kisha waambie wafanye hesabu hiyohiyo kwa paa la mabati au la makuti, ndipo watakapoona wenyewe kwa nini uzito wa juu ni mzigo mara mbili.

Kujenga kwa chelewa

Vitabu vya ng'ambo vinataka mbao nyepesi za balsa. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaoshindana kila mwaka katika mashindano ya EERI, taasisi ya uhandisi wa matetemeko ya Marekani, hujenga minara yao kwa balsa, na ni vizuri vijana waone picha zake. Sisi tuna chelewa. Nunua mafagio sokoni Kongowea, uyafungue. Chelewa kavu inapinda kabla ya kuvunjika, na ikivunjika inatoa mlio, kwa hiyo unasikia mahali palipoanza. Vijiti vya mishikaki ni vigumu zaidi, vitumie kwa mihimili. Slabu ziwe za boksi gumu, zimebandikwa nati juu ili ziwe na uzito. Viungo ni gundi ya moto, na waonye mapema kwamba nyumba nyingi zitafia kwenye viungo.

Kabla ya ghorofa anza na kasha la viatu. Litoe kifuniko, ulisukume pembeni kwa juu: linapinda na kwenda mshazari. Rudisha kifuniko, ukibandike: limekaza. Kifuniko ni slabu, na kazi yake haikuishia kubeba watu. Inazishikanisha kuta zote zifanye kazi pamoja. Hapohapo onyesha mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta za nyumba ya mawe, kwa kuzungushia utepe mpana kuta nne za boksi ambazo hazijaunganishwa pembeni. Bila utepe kila ukuta unaanguka kivyake.

Sasa ghorofa nne. Kila kundi lijenge fremu ileile: nguzo nne, slabu nne, kila ghorofa kimo cha sentimita 12. Mara ya kwanza itikiseni ikiwa fremu tupu. Mara ya pili bandikeni manila kama kuta kwenye ghorofa ya kwanza hadi ya juu, na chini muache wazi. Hilo ndilo jengo la mitaani kwetu: nyumba za kupanga juu, maduka chini, milango ya chuma ya kuvuta mbele yote. Likitikiswa, sehemu ya juu inakwenda kama sanduku moja zima na mayumbo yote yanahamia kwenye nguzo za dukani. Nguzo hizo zinalala kwa pamoja, na nyumba ya juu inashuka ikiwa bado nzima.

Usiishie hapo, maana mtoto akiondoka na picha ya nyumba inayolala umempa hofu tu. Waambie waitibu. Wengi watabandika manila chini upande mmoja, ule wa nyuma, kwa kuwa mbele ni duka. Tikiseni tena. Safari hii nyumba inajizungusha, kwa sababu upande wa nyuma umekaza na wa mbele umelegea, na nguzo za mbele zinabeba mwendo mkubwa zaidi. Jengo la kona ya barabara lina tatizo hilo kwa pande mbili. Waache wahangaike. Watafika kwenye kuweka kipande cha ukuta kila upande, hata kiwe chembamba, au vijiti vya mshazari kati ya nguzo, au nguzo nene zaidi za chini. Zote ni tiba ambazo wahandisi huzitumia kweli, na kila moja ina gharama yake kwa mwenye duka. Mjadala wa gharama uuruhusu. Kijana aliyesema “basi duka libaki na mlango mmoja” alipingwa na mwenzake ambaye mamake ana duka, na saa nzima iliyofuata ilikuwa darasa bora kuliko lolote ningeliandaa.

Nguzo kwa ndani

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu ndipo rohoni mwa jengo na ndipo pasipoonekana likishapakwa rangi. Chukua soksi ndefu ya nailoni, uijaze mchanga mkavu hadi iwe nguzo ya sentimita 25 hivi, uifunge. Isimamishe, kijana mmoja aibonyeze kutoka juu kwa kiganja. Inatuna tumbo na kulala. Kisha vishe raba za kufungia noti, moja kila baada ya vidole viwili, zikiwa zimebana. Ibonyezeni tena: inabeba. Ondoa raba tatu za katikati. Itatuna palepale ulipoziondoa. Raba hizo ndizo ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa nondo za wima ndani ya nguzo, mchanga ni zege, na kijana aliyeishika soksi kwa mikono yake hatakuuliza tena kwa nini ringi zinahesabiwa.

Baada ya hapo mwalike fundi wa nondo. Mlipe siku yake, usimwite bure. Aje na ubao wake wenye misumari ya kupindia na nondo za milimita 8. Atapinda ringi mbele yao kabla hawajamaliza kuuliza swali, na heshima watakayompa utaiona. Mwombe awaonyeshe ncha. Ncha ya ringi inapaswa kupinduliwa digrii 135, iingie ndani kuelekea moyo wa nguzo. Ikipindwa digrii 90 tu, ganda la zege la nje likibanduka katika mtikisiko, ringi inafunguka na nondo za wima zinatoka nje. Waache vijana wapinde wenyewe kwa spoki za baiskeli na koleo.

“Fundi, ringi unazipa nafasi gani?” aliuliza msichana mmoja.

“Alivyochora mhandisi, mwanangu. Ila ukikaribia kichwa na mguu wa nguzo, zinakaribiana. Ukiona mchoro hauzikaribishi, uliza.”

Hiyo “uliza” niliiandika ubaoni ikakaa wiki nzima.

Mchanga unaogeuka uji

Hili ni jepesi kulifanya na halisahauliki. Jaza beseni mchanga, mimina maji taratibu hadi yakaribie kufika juu, huku uso wenyewe ukionekana mkavu. Simamisha tofali katikati, na mpira wa ping-pong ufukie chini. Gonga ubavu wa beseni kwa nyundo ya mpira, mfululizo. Maji yanapanda, tofali linazama au kulala, mpira unaibuka. Chembe za mchanga zilikuwa zimeegemeana, mtikisiko umezitenganisha na maji yamebeba mzigo kwa muda. Niigata, Japani, tarehe 16 Juni 1964, majengo ya ghorofa ya Kawagishi-cho yaliinama hivyo, moja karibu lilale kabisa, yakiwa hayajavunjika. Kisha waulize kuhusu Mombasa: wapi tumejenga juu ya mwamba wa matumbawe, wapi juu ya mchanga, wapi juu ya kifusi. Wazee wao watajua mengi kuliko ramani.

Alasiri moja ya ardhi yenyewe

Sasa ilete ile ramani. Watu waliokwisha kuvunja nyumba wanaitazama kwa macho mengine. Bamba la Somalia, ambalo Mombasa imekaa juu yake, linaachana na la Nubia kwa milimita chache kwa mwaka, na ufa ndio lile bonde letu. Fundisha ukubwa: kila namba moja ya kupanda ni mara kumi ya mtikisiko unaosomwa na kipima-tetemeko, na takriban mara 32 ya nishati. Halafu weka mawili ya mwaka mmoja ubaoni. Haiti, tarehe 12 Januari 2010, ukubwa wa 7.0. Chile, tarehe 27 Februari 2010, ukubwa wa 8.8. La Chile lilitoa nishati karibu mara 500 zaidi. Chile walikufa watu yapata 525, Haiti zaidi ya laki moja. Kuwa mkweli: kitovu cha Haiti kilikuwa karibu kabisa na Port-au-Prince, mji uliosongamana. Lakini Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zinazofuatwa kwa miongo mingi, na Haiti haikuwa nazo. Waache vijana waitazame ile nguzo ya soksi wakifikiri.

Umbali nao unahesabika. Mawimbi ya kwanza huenda haraka kuliko ya pili. Zidisha sekunde zilizopita kati yao kwa 8, upate takriban kilomita. Kwa tetemeko lile la 2020, pengo hapa Mombasa lingekuwa karibu sekunde 45.

Na mtoto wa pwani asiondoke bila habari ya tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko la Sumatra la 9.1 lilizua tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi na kufika Kenya baada ya saa kadhaa. Watu walitolewa ufuoni, na aliyefariki nchini alikuwa mmoja. Ukiwa ufuoni ukasikia mtikisiko mkali au mrefu, au ukaona bahari imekupwa ghafla isivyo kawaida, panda juu, usingoje kuambiwa. Ukiwa ndani ya nyumba: inama, jifunike chini ya meza imara, ishikilie mpaka itulie. Hili wafanye kwa vitendo mara mbili, na litoshe.

Matembezi

Watoeni nje asubuhi moja. Anzieni Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, mfuate Ndia Kuu ndani ya Mji wa Kale. Wapime unene wa kuta za matumbawe na chokaa kwa mkono, kiwiko hata vidole. Wapime upana wa vyumba mtakavyokaribishwa kuingia: vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki sana zaidi ya mita tatu. Swali la kuwapa: ukuta huu mzito unashikwaje na sakafu? Kisha tokeni hadi kwenye maghorofa ya sasa, wachore mawili au matatu wakitia mishale ya njia ambayo mzigo wa upande ungepita kutoka paa hadi msingi. Mshale ukikatika njiani, hapo pana neno.

Kanuni ya matembezi ni adabu. Mnapiga hodi, mnaomba ruhusa kwa wenyewe, hampigi picha nyumba ya mtu bila idhini, wala hamsemi kwa sauti barabarani kwamba jengo la fulani litaanguka. Mchoro wa mwanafunzi ni zoezi. Si ripoti ya ukaguzi.

Siku ya mwisho

Mashindano yawepo, lakini angalia unachokipa alama. Ukizawadia nyumba iliyosimama muda mrefu zaidi tu, watamwaga gundi. Mimi naigawa hivi: nusu ya alama ni utabiri. Kila kundi linaandika kabla ya kutikisa nyumba yake itaanza kuvunjika wapi, kwa mizunguko mingapi kwa sekunde, na kwa nini. Robo ni uzito iliobeba ukilinganishwa na uzito wa vijiti na gundi. Robo iliyobaki ni maelezo baada ya kuanguka, mbele ya wazazi. Kundi ambalo nyumba yake ilianguka mapema lakini mahali walipopaandika linaweza kushinda, na limewahi kushinda.

Waalike wazazi kwa hiyo saa, na ujiandae kwa swali watakalokuja nalo: je, nyumba yetu? Mtoto ameshafika nyumbani akakagua nguzo za mwenye nyumba kwa tochi ya simu. Wape vitu vichache vya kuangalia kwa macho. Nyufa nyembamba za plasta zilizotapakaa kama utando mara nyingi ni za plasta yenyewe. Ufa wa mshazari unaopita ndani ya ukuta na kuendelea kupanuka, nondo zenye kutu zilizochomoza chini ya slabu, nguzo iliyotobolewa kupitisha bomba, mlango unaoanza kukwama bila sababu: hivyo vionyeshwe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, au vipelekwe kwa maafisa wa majengo wa kaunti. Ufa unaotiliwa shaka wauchoree alama mbili za penseli kuvuka ncha zake, waandike tarehe pembeni, wapime upana kwa rula kila mwezi. Wewe mwenyewe usitoe hukumu ya nyumba kwa picha ya WhatsApp, hata mama wa watu akusihi vipi. Panga siku uende, au umpe mwenzako wa kwenda.